Alijua Pale Kuna Nguzo?

Fundi viatu wa kijiwe chetu, Majengo hapa Moshi, anavaa jezi ya Boston Bruins. Aliipata soko la mitumba la Memorial kwenye lundo la elfu tatu tatu, akaipendea uzito wa kitambaa, maana asubuhi za Julai mlima ukishajifunika unahitaji kitu cha kukata baridi. Kifuani ina herufi B ndani ya duara lenye spoku kama gurudumu la baiskeli. Mwaka mzima aliivaa akidhani ni nembo ya kampuni ya mabasi. Siku nilipomwambia kwamba hiyo ni timu, tena ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na kwamba jezi yangu nyekundu yenye C kubwa iliyomeza H ni ya mahasimu wao wa Montreal, aliweka chini buti alilokuwa analishona, akaniangalia kwa muda, akasema: "Kumbe sisi ni maadui na tunakunywa kahawa pamoja."

Tangu siku hiyo yeye ni Boston damu. Hajawahi kuona mechi nzima. Mimi mwenyewe nimeona za kuhesabu, kwa sababu mechi ya saa moja jioni ya kwao wakati wa baridi ni saa tisa usiku ya kwetu, na bando likikata kipindi cha kwanza unalala na matokeo ya nusu. Lakini ushabiki tangu lini ukahitaji macho? Mzee wa reli, yule anayekaa benchi la ndani karibu na jiko la kahawa, amezeeka na timu yake kwa redio tupu, na akikusimulia bao la zamani anakuonyesha hadi kipa aliangukia upande gani.

Tunachobishania sisi ni video moja, fupi kuliko muda wa kumeza kashata. Iko kwenye simu yangu tangu simu mbili zilizopita. Nikichoka na maneno ya siasa naitoa, naiweka katikati ya vikombe, na saa nzima inaondoka.

Ni tarehe 8 Machi 2011, Montreal wako nyumbani, Bell Centre. Kipindi cha pili kinakatika, zimebaki sekunde chache. Max Pacioretty wa Montreal, kijana wa miaka 22, jezi namba 67, amesukuma mbele kile kidude cha duara cha mpira mgumu ambacho fundi viatu anakiita soli, na sasa anakifukuzia kando ya ukuta. Pembeni yake anakuja Zdeno Chara, nahodha wa Boston, Mslovakia wa sentimita 206, ambaye ligi ile ilikuwa haijawahi kuwa na mchezaji mrefu kumzidi. Chara anamkandamiza ukutani. Kukandamizana ukutani si ajabu kule, ndio mchezo wenyewe, ilimradi unayemkandamiza awe na soli. Tatizo ni mahali. Pale ndipo benchi la wachezaji linapoishia na kioo kinapoanza, na kioo kile kimeshikiliwa na nguzo. Kichwa cha Pacioretty kinaigonga nguzo. Anaanguka, halafu hasogei.

Nguzo ilikuwa imevishwa sponji. Ukisimamisha video unaiona sponji vizuri kabisa, na unaona pia kwamba haikusaidia kitu. Kijana alitolewa kwa machela: ubongo umetikisika vibaya na pingili ya nne ya shingo ina ufa.

Hapo ndipo kijiwe huwa kinagawanyika. Fundi viatu anadai mhalifu ni nguzo. "Jitu refu vile likikugusa tu unaruka. Sasa afanyeje, apunguze kimo?" Dogo wa bodaboda, ambaye hana jezi ya yeyote lakini hawezi kuona mabishano akayapita, anataka turudishe nyuma tuangalie mkono. "Bega limeshamaliza kazi, mkono ni wa nini? Angalia mkono unavyomalizia." Tunarudisha. Kioo cha simu yangu kina ufa unaopita katikati, kwa hiyo kila tukirudisha Chara anakatika vipande viwili kabla hajafika.

Mzee wa reli huwa anasubiri tuchoke ndipo aseme lake, na lake ni lile lile. "Msiongee kama magongo ni mchezo wa wageni. Sisi tumecheza Olimpiki." Mara ya kwanza tulimcheka, ikabidi nikatafute. Ni kweli. Moscow, 1980, mpira wa magongo wa uwanjani, si wa barafu. Nchi nyingi zilisusa michezo ile, sisi tukaenda. India walitufunga 18 kwa 0, na hao hao India ndio waliochukua dhahabu. Mzee anaitaja kumi na nane bila aibu yoyote, tena anainyoosha sauti, kama mtu anayetaja idadi ya wajukuu. "Filbert Bayi na Nyambui walirudi na medali za fedha, mnawajua. Wale vijana waliosimama mbele ya Wahindi dakika zote zile wakipigwa soli, nani anawajua?" Hakuna anayejibu. Kahawa inaongezwa.

Kuna swali moja ambalo kijiwe kimenitupia mara nyingi, na kila mara nimelikwepa. Jezi yangu ni ya Montreal. Aliyeumizwa ni wa Montreal. Kwa desturi zote za ushabiki mimi ndiye ningepaswa kutaka Chara afungwe jela. Sasa kwa nini miaka yote hii ninayemtetea Chara ni mimi, tena kwa bidii kumzidi hata fundi viatu mwenye Boston yake mwilini?

"Huyu ana hisa kule," dogo wa bodaboda aliwahi kusema, watu wakacheka, nami nikacheka.

Jezi niliachiwa na mgeni mwaka 2013. Nilikuwa msaidizi wa kiongozi wa wapanda Kilimanjaro, njia ya Machame, kundi la watu watano, na mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Montreal. Mtu wa maneno kidogo. Siku ya tano tulifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, upepo unavuta hema la chakula kama unalidai deni. Ilikuwa saa ya chai na bisi, na wengine walikuwa wamelala wakisubiri safari ya usiku ya kwenda kileleni. Nikamuuliza, ili tu asisinzie, kwao wanacheza nini. Alipoambiwa kwamba jina la kambi maana yake ni nini, alicheka hadi akakohoa. Halafu akamwaga bisi kwenye sinia.

Chupa ya chai ya moto ikawa Chara. Bisi moja nzima, ya kuvimba vizuri, ikawa Pacioretty. Ukingo wa sinia ukawa ukuta, chupa ya tomato sosi akaisimamisha pembeni ikawa nguzo. Aliisukuma ile chupa ya chai taratibu sana, akiniangalia mimi na si sinia, na bisi ikapondekea kwenye tomato sosi. Kisha akaeleza kilichofuata, na nadhani ndiyo mara pekee katika siku saba alipoongea mfululizo. Chara alipewa adhabu ya dakika tano na kutolewa nje, kwa kumzuia mtu ambaye soli ilishamtoka. Siku iliyofuata ligi ikasema basi, inatosha, hafungiwi hata mechi moja, halipi hata senti, kwa sababu haikuona ushahidi kwamba alikusudia kumbamiza kwenye nguzo. Montreal ikachafuka. Air Canada, waliokuwa wadhamini, wakaandika barua ya kutishia kujitoa. Waendesha mashtaka wa Quebec wakawaagiza polisi wachunguze, na ilipofika Novemba wakasema hakuna kesi. Katikati ya hayo Boston wakakutana na Montreal tena kwenye mtoano, wakawatoa kwa mechi saba, na mwezi Juni Chara ndiye aliyelinyanyua kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, la kwanza kwa Boston tangu 1972.

"Alijua pale kuna nguzo?" nilimuuliza.

Mzee yule akachukua ile bisi iliyolowa, akaila. "Amecheza ligi hii tangu 1997," akasema. Hakuongeza.

Usiku ule alifika kileleni, polepole, nami nikiwa nyuma yake nikihesabu pumzi zake. Jezi aliiacha Mweka, tulikoshukia, pamoja na bahasha ya bakshishi. Nilivyorudi mjini nikaitafuta video, na tangu pale nimekuwa wakili wa Chara.

Nina hoja nzuri, nisidharauliwe. Nasema mchezo ni wa kasi mno, mtu hana muda wa kupima ukuta kwa futi. Nasema kama ingekuwa hatua tatu nyuma, Pacioretty angeinuka, akatukana, mechi ikaendelea, na leo hii hakuna mtu Majengo angejua jina lake. Kosa ni lile lile, mkono ni ule ule, ila nguzo. Sasa unamhukumu mtu kwa alichokifanya au kwa mahali alipokifanyia? Nawatolea mfano wa Son Heung-min, Novemba 2019, maana soka wanalijua wote. Alimkata André Gomes wa Everton kwa nyuma, rafu ya kawaida ya kuchelewa. Gomes akapoteza mwendo, akagongana na Serge Aurier, kifundo cha mguu kikageuka. Refa alikuwa na kadi ya njano tayari. Alipouona mguu, akatoa nyekundu. Baadaye FA wakaifuta. Ilikuwa ni kadi ya mguu, si ya rafu, nawaambia, na hata dogo wa bodaboda hapo huwa anatikisa kichwa kukubali.

Wa Montreal wana hoja yao pia, na nimeisoma ya kutosha. Wenye Boston huanza kuhesabu kuanzia kwenye nguzo. Wenye Montreal huanza kuhesabu kuanzia Januari. Kwa sababu tarehe 8 Januari mwaka ule ule, miezi miwili kamili kabla, Pacioretty aliwafunga Boston bao la ushindi kwenye muda wa nyongeza, na katika kushangilia akamsukuma Chara. Msukumo mdogo tu, wa furaha na dharau. Chara alipandisha hasira pale pale. Mwezi Februari timu hizo zikakutana tena na ikawa ngumi mechi nzima. Kwa hiyo ilipofika Machi, kwa mtu wa Montreal, nguzo haikuwa nguzo. Ilikuwa risiti.

Ile habari ya Januari sijawahi kuwaambia kijiweni. Nimeificha makusudi, kama wakili anavyoficha karatasi.

Niseme sasa.

Desemba 2009 nilikuwa bado mpagazi. Desemba ya kwetu mnaijua: magari ya Dar yanapanda migombani moja baada ya jingine, mbege inachemka kila boma, na tarehe 26 ni mechi. Huko Uru, alikotoka mama yangu, mechi ilikuwa ni waliotoka mjini dhidi ya waliobaki nyumbani, na zawadi ni mbuzi. Nilichezea mjini ingawa mjini kwangu ni Moshi hapa chini, mwendo wa daladala moja, na watu walinizomea kwa hilo. Beki wa kulia. Miguu ya mlimani, mapafu ya mlimani, akili ya kawaida.

Uwanja ni wa shule, na umeinama kama paa, kwa hiyo kuna goli la juu na goli la chini. Mistari ni ya majivu. Upande mmoja, hatua mbili kutoka kwenye majivu, unapita mfongo wa wazee, ule mfereji wa kuleta maji kutoka juu, na sehemu ile ulikuwa umejengewa kwa mawe na saruji. Kina chake kinafika magotini. Kila mtoto aliyecheza pale anajua kuukwepa. Mimi niliwahi kuuchubukia nikiwa na miaka tisa.

Winga wao wa kushoto alikuwa fundi mwashi, rika langu, mwembamba, mwenye kasi ya kuudhi. Kipindi cha kwanza alinipiga tobo mbele ya watu wote. Mpira ulipita katikati ya miguu yangu, yeye akapita pembeni, na kabla hajaufikia akageuka nusu kunitazama. Shangazi yangu, dada yake mama, aliyekuwa amekaa kwenye mizizi ya mruka, alicheka hadi akashikilia tumbo. Nilimsikia. Kwenye uwanja mzima nilisikia kicheko kimoja.

Kipindi cha pili akaja tena, kando ya majivu, upande wa mfongo. Sheria inaruhusu bega kwa bega. Nilimpa bega. Refa, mwalimu wa shule ile ile, hakupuliza kipyenga, na hadi leo nasema alikuwa sahihi kwa alichokiona. Winga akatoka nje ya mstari, hatua moja, ya pili haikuwepo. Watu wengi waliokuwa pale husema walisikia mfupa. Mimi nilisikia maji. Kulikuwa na maji kidogo ndani ya mfongo na yalitapanyika, kisha nikamwona amekaa ndani yake, ametulia, anautazama mguu wake wa kulia ambao ulikuwa umelalia upande ambao mguu haulalii.

Walimfunga kwa ubao wa benchi la shule na kanga mbili, wakampakia kwenye pikapu ya mtu wa Dar. Mbuzi hakuchinjwa siku ile. Paja lilikuwa limevunjika. Alivutiwa mguu kitandani kwa wiki kadhaa, akaja nyumbani na hogo hadi kiunoni. Nilichanga nilichokuwa nacho. Nilipeleka ndizi na maziwa, nikakaa pembeni ya kitanda, mama yake akanipa kiti kizuri na chai. "Ajali," winga alisema. "Ajali," nikasema. Mama yake akasema ni shetani tu wa sikukuu. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ilikuwa shida yenyewe, kwa sababu ukilaumiwa unajitetea na kujitetea kunakwisha.

Ukiniuliza kama nilikusudia kumvunja, jibu ni hapana, nitaapa popote. Ila hilo ndilo swali rahisi, na nadhani ndiyo maana mashabiki tunalipenda, Montreal na Majengo. Sheria ya 12 ya soka ina akili kutuzidi. Kwa rafu za namna hii haimuulizi refa kama mtu alikusudia. Inamuuliza kama alicheza kwa uzembe, au bila kujali hatari, au kwa nguvu iliyopita kiasi. Mambo matatu tu, na kila moja lina uzito wake: la kwanza ni rafu tupu, la pili ni njano, la tatu ni nyekundu. Nilipolisoma hilo la pili, "bila kujali", nililifunga lile faili kwenye simu nikaenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Kwa sababu kuna kitu nakumbuka na hakuna video yake. Winga alinipa nafasi ya kumkaba hatua sita au saba kabla. Mpira ulimtangulia kidogo, ulikuwa wangu, kwa mguu wa ndani, safi kabisa, hata kocha wangu alipiga kelele "Sasa!" Nikaiacha. Nikakimbia naye sambamba, namsubiri. Nilikuwa nasubiri nini sijui kuwaambia, na nimejiuliza nikiwa nimechoka, nikiwa nimelewa, nikiwa mita 5,000 ambako mtu hana nguvu ya kujidanganya. Najua tu kwamba nilisubiri, na mfongo ulikuwa unakaribia.

Kwa hiyo naposema Chara hakujua kuna nguzo, mnaelewa sasa nani anatetewa. Na labda Chara kweli hakujua. Mimi si Chara. Sina ushahidi wowote juu ya kichwa cha mtu wa Slovakia. Alisema hakukusudia kumuumiza, na namwamini, kama ninavyojiamini mimi, yaani kwa kiasi fulani.

Kitu ambacho ligi ilikifanya, na ambacho kwenye mabishano huwa hakitajwi, ni kioo. Msimu uliofuata viwanja vyote viliwekewa kioo kilichopinda pale benchi linapoishia, ili mtu akisukumwa ateleze badala ya kugota. Walishindwa kuafikiana juu ya mtu, wakaafikiana juu ya nguzo. Huko Uru ilikuwa hivyo hivyo. Watu wa Dar walichanga kabla ya Pasaka ya 2010, mfongo ukafunikwa kwa mabamba ya zege upande mzima wa uwanja. Maji yanapita chini, hayaonekani.

Desemba iliyopita nilipanda. Sichezi tena, goti la kushoto limeshakula ngazi za Mweka vya kutosha. Winga naye hachezi, ana duka la vifaa vya ujenzi kule juu, lakini siku ya mechi ndiye mshika kibendera. Anachechemea, si sana, zaidi kukiwa na baridi. Alikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ufito na amesimama juu ya yale mabamba. Tumekutana kila Desemba miaka yote hii, tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto. Hatujawahi kuizungumzia.

Mapumziko nikamfuata na soda mbili. Nikamwambia nina video nataka aione, mchezo mmoja wa barafu. Nilidhani nitacheka kidogo kwanza. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kwa sababu ya jua, akaangalia hadi mwisho. Akarudisha mwenyewe, akaangalia tena. Nilisubiri aseme la mkono au la nguzo. Kijiweni hakuna mtu ambaye ameshawahi kusema kitu kingine.

"Alirudi kucheza?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Alirudi msimu uliofuata, Oktoba ile ile, na baadaye wakamfanya nahodha.

"Kutoka Machi?"

"Kutoka Machi."

Akahesabu kwa vidole kwenye chupa ya soda. "Saba," akasema. "Mimi mwezi wa kumi na moja ndiyo nilipanda ngazi ya kwanza. Ghorofa ya mtu wa Kibosho, tunapiga plasta." Akanywa. Hakuonekana kuwa na huzuni, alikuwa analinganisha tu, kama fundi anavyolinganisha bei ya saruji.

Basi nikasema. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema, "Mangi, siku ile nilijua mfongo upo."

Alinitazama kama nimemwambia kwamba mlima upo.

"Najua ulijua. Mimi pia nilijua. Kwani kwa nini nilikuwa napitia kule kila mara?" Akaelekeza ufito wake kwenye zege chini ya miguu yetu. "Mabeki wote walikuwa wananiachia nikifika huku. Waliogopa kunigusa. Nilikuwa nautumia mfongo kama beki wa kwangu. Nikajua hata wewe hutathubutu."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba nusu ya hadithi nikidhani ni nzima, na sikujua kama nusu hii ya pili inanipunguzia au inaniongezea. Bado sijui. Yeye alichukua mzigo gani wa kwake, sikumuuliza.

Refa akapuliza. Winga akanirudishia simu, akanipa na chupa nimshikie. "Yule mrefu," akasema akiwa ameshageuka, "walishawahi kukutana wakakaa chini?"

Nikamwambia nitaangalia. Akaenda mstarini, kitambaa chekundu begani, mguu mmoja ukigonga zege kwa nguvu kidogo kuliko mwenzake.